Uwazi wa Fedha, Sitara ya Mhitaji

Asasi inayolea yatima, kuuguza wazee au kuwahudumia wenye ulemavu inapoandika ombi la fedha za umma, huweka mezani vitu viwili ambavyo si mali yake. Kimoja ni fedha zenyewe, zilizotokana na ushuru wa soko, ushuru wa huduma na leseni za biashara za wakazi. Kingine ni dhiki ya watu ambao asasi inawasemea: maradhi yao, njaa yao, ukatili uliowapata, chumba wanamovujiwa na mvua. Pasipo dhiki hiyo ombi halina hoja. Ndani ya kazi hii inayoonekana kuwa ya karatasi na mihuri limo swali la dini na la falsafa: dhiki ya mtu yaweza kuanikwa kiasi gani ili fedha ya kumsaidia ipatikane, na ni nani mwenye idhini ya kuianika?

Kimara ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Kata hiyo imekaa kandokando ya Barabara ya Morogoro, ndani ya Manispaa ya Ubungo iliyomegwa kutoka Kinondoni, kama Kigamboni ilivyomegwa kutoka Temeke. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni. Mwaka uliofuata nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Palipokuwa mashamba sasa pana nyumba za kupanga, fremu za maduka na watu waliotoka mikoa yote ya nchi. Katika mitaa kama Kimara Baruti, Mavurunza na Kilungule, mzee anaweza kuugua ndani siku kadhaa na mpangaji wa chumba cha pili asijue hata jina lake. Kazi ambayo kijijini ingefanywa na ukoo hubebwa na kamati ya msikiti, jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki, diakonia ya usharika, akina mama wa vikoba, na asasi zilizosajiliwa ambazo mara nyingi ofisi yao ni sebule ya mwanzilishi.

Fedha za halmashauri ambazo asasi kama hizo zinaweza kuziomba si nyingi, na anayeanza ni heri alijue hilo mapema. Fungu linalojulikana zaidi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge fungu hilo kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu hili hutolewa kwa njia ya mkopo usio na riba, na mkopaji kwa kawaida ni kikundi cha walengwa wenyewe. Asasi inayowahudumia haikopi. Nafasi yake ni ya mlezi, anayewasaidia wanakikundi kuandika katiba, kufungua akaunti ya benki na kupanga biashara itakayorudisha fedha. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge na ambao hugharimia miradi iliyoibuliwa na wananchi. Nje ya halmashauri kuna wafadhili wa ndani kama Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002. Na kuna msaada usiokuja kwa fedha taslimu: muda wa afisa ustawi wa jamii, chumba cha mikutano, eneo la kujenga, msamaha wa matibabu kwa mzee asiyejiweza. Kwa asasi nyingi ndogo msaada wa namna hii una thamani kuliko hundi.

Njia ya ombi inafahamika. Huanza na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kisha huambatishwa cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba, taarifa ya benki, taarifa ya mwaka ya kazi na hesabu, na andiko la mradi lenye bajeti. Hati hizo hupita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, huweza kufika kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na kwa jambo linalotakiwa kuingia katika bajeti hupanda hadi kamati ya fedha na baraza la madiwani. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1, mahitaji ya mwaka ujao hukusanywa miezi mingi kabla, na ombi linaloletwa Juni limeshachelewa. Jambo lisilosemwa katika mafunzo ya kuandika maandiko ya miradi ni kwamba kila meza katika safari hiyo ni macho mapya. Karani, mtendaji, diwani na dereva anayebeba bahasha wote wanaweza kusoma kwamba binti fulani wa mtaa fulani alibakwa na baba wa kambo. Kama jina lake limeandikwa, au kama maelezo ni ya wazi kiasi cha kumfanya atambulike, siri yake imekwisha kabla hata ya ombi kujibiwa.

Dini mbili zenye waumini wengi Kimara zimelizungumza jambo hili kwa muda mrefu, na kila moja imetoa maagizo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Katika Uislamu, sura ya pili ya Kurani, Al-Baqara, inaruhusu sadaka itolewe kwa kuonekana, lakini inaeleza kwamba kumpa fakiri kwa siri ni bora zaidi, katika aya ya 271. Aya chache kabla yake, ya 264, inaonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Na ya 273 inawasifu mafakiri wanaojizuia kuomba hata asiyewajua akawadhania matajiri. Kisha sura hiyohiyo, katika aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamuru deni liandikwe, dogo au kubwa, kwa mwandishi mwadilifu na mbele ya mashahidi. Kati ya amri ya kuficha na amri ya kuandika hakuna hata kurasa mbili.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, wafuasi wa Yesu wanakatazwa kutoa sadaka ili waonekane na watu. Lakini Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasimulia jinsi manung'uniko yalivyozuka Yerusalemu kwamba wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na jinsi mitume walivyoitisha mkutano, nao mkutano ukachagua watu saba wenye sifa njema wasimamie mgawo huo. Na Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba amepanga michango isafirishwe na zaidi ya mtu mmoja ili pasiwe na wa kumlaumu, kwa kuwa anataka mambo yawe sawa mbele za Mungu na pia mbele za watu.

Maagizo haya yakisomwa kwa pamoja, kupingana kunaondoka, kwa kuwa yanahusu watu tofauti. Siri inamhusu mhitaji, na pia moyo wa mtoaji anayejilinda na riya, yaani kujionyesha. Maandishi, mashahidi na mkutano vinamhusu aliyeshika fedha katikati. Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iliyomo katika sahihi za Bukhari na Muslim, inaweka mpaka huo peupe. Mtu huyo alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema kwamba hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume alilipeleka jambo hilo kwenye mimbari, akauliza mbele ya watu kama zawadi hiyo ingemfikia mtu huyo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Aliyewekwa hadharani ni mkusanyaji wa zaka. Walioilipa na waliostahili kuipokea hawakuguswa.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alilitazama suala hili kwa upande wa mpokeaji pia, upande ambao wengi huusahau. Aliorodhesha faida za mpokeaji kuficha alichopewa, na ya kwanza aliyoitaja ni kwamba sitara yake inabaki. Hakuacha kutaja faida za kudhihirisha: ukweli, shukrani, na kutojifanya mwenye hali nzuri kuliko ilivyo. Karne moja baadaye Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, alizipanga sadaka katika daraja nane. Daraja ya juu kabisa aliipa mkopo, ubia au kazi inayomwezesha mtu asimame mwenyewe. Inayofuata ni sadaka ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, wala mpokeaji hamjui mtoaji. Akaongeza kwamba kuchangia mfuko wa pamoja kunakaribia daraja hiyo, kwa sharti kwamba msimamizi wake awe mwaminifu na mwenye busara.

Sharti hilo ndilo kiini cha jambo. Mfuko unaweza kumsitiri mhitaji kwa sababu unasimama kati yake na mtoaji. Unabeba siri ili wengine wasilazimike kuijua. Lakini anayesimama katikati ya fedha na watu anaweza pia kuzila, na hakuna atakayejua, kwa sababu pande mbili hazionani. Kwa hiyo kadiri asasi inavyomficha mhitaji, ndivyo inavyowiwa zaidi kujianika yenyewe: hesabu zake, mishahara yake, majina ya bodi yake, undugu uliopo kati ya mwenyekiti na mhasibu, bei iliyonunulia magodoro. Uwazi wa asasi ndio unaolipia sitara ya mhudumiwa.

Katika mazoea mambo mara nyingi yamegeuzwa. Kipeperushi kinaonyesha uso wa mtoto, jina lake la kwanza, shule yake na simulizi ya kifo cha mama yake, huku vitabu vya hesabu vikiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja. Picha ya bibi aliyekaa juu ya mkeka uliochanika imesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima, lakini akiuliza kilichoombwa kwa jina lake na kiasi kilichopatikana, anaambiwa hayo ni mambo ya ofisi. Huu ni udhalimu hata pale ambapo fedha yote imetumika vizuri, kwa kuwa kilichochukuliwa kwa bibi huyo hakikuwa fedha.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitenganisha vitu vyenye bei na vyenye hadhi: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine, chenye hadhi hakina mbadala. Simulizi ya mateso inayotolewa ili ilete shilingi inageuza kitu cha aina ya pili kuwa cha aina ya kwanza. Miaka kumi baadaye mwanafalsafa huyohuyo, katika insha yake juu ya amani ya kudumu, aliandika kwamba tendo linalogusa haki za wengine, ikiwa nia yake haistahimili kutangazwa, si la haki. Kipimo hicho kinawafaa walioshika madaraka na fedha. Kumpima nacho mjane mwenye virusi vya Ukimwi, ati kama hana la kuficha aseme, ni kuipotosha hoja.

Sheria za Tanzania zimefuata mgawanyo uleule, ingawa hazikutungwa kwa kusudi hilo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inamfungulia mwananchi milango ya taasisi za umma na za wanaotumia fedha za umma. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinaitaka asasi iliyopata zaidi ya shilingi milioni 20 itangaze fedha hizo. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa taarifa nyeti. Na Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda usiri wa aliyepimwa. Katiba ya nchi inabeba pande zote mbili: ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, ya 18 inampa haki ya kupata habari.

Wengine watasema idhini inatosha: bibi aliulizwa, akakubali kupigwa picha, akaweka dole gumba. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Idhini ya kweli inahitaji uwezo wa kukataa, na anayeulizwa na mtu aliyemletea unga jana hana uwezo huo. Anajua, au anahisi, kwamba akikataa kesho hataletewa. Asasi inayoheshimu idhini hutenganisha mikono: anayegawa chakula haombi picha, na anayeomba picha anaeleza, mbele ya ndugu au jirani ambaye mhudumiwa amemchagua, kwamba huduma itaendelea vilevile jibu likiwa hapana. Kwa mtoto hata hilo halitoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na ni vigumu kuonyesha maslahi ya mtoto wa miaka saba katika picha itakayomsubiri mtandaoni hadi atakapoomba kazi.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine, na halipaswi kupuuzwa. Usiri ndio maficho ya wezi. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo ya asilimia 10, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, yaani vikundi vilivyokuwepo kwenye karatasi tu. Mikopo ilirudishwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya, na halmashauri chache zikateuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Waliokosa mkopo katika kipindi hicho hawakuwa wezi. Walikuwa akina mama waliokuwa wakisubiri zamu yao, na baadhi yao waliishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba ya kunyonya. Orodha isiyosomwa na mtu inaweza kujazwa majina ya watu wasiokuwepo. Wahenga nao walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Jibu limo katika kutofautisha kujulikana na kutangazwa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona kila kidonda, na jamii inamruhusu aone kwa sababu bila yeye kazi haifanyiki. Anachokatazwa ni kutoka nje na kusimulia. Afisa ustawi wa jamii, mhasibu na mkaguzi wako katika nafasi hiyo. Mkaguzi lazima aweze kufungua jalada, kuliona jina, kubisha hodi katika nyumba na kuthibitisha kwamba mzee yupo na kiti cha magurudumu anacho. Baraza la madiwani linahitaji kujua kwamba ukaguzi huo umefanyika, ni wazee wangapi, katika mitaa ipi na kwa shilingi ngapi; jina halihitajiki. Vikundi hewa vilistawi pale ambapo hakuna aliyekwenda kubisha hodi, na kubandika picha za maskini ukutani kusingeviondoa, kwa maana picha ya mtu yeyote inaweza kupigwa popote.

Kwa hiyo andiko linaloweza kutetewa mbele ya dini na mbele ya mkaguzi huandikwa kwa namna yake. Linaeleza huduma kwa undani na kuwataja watu kwa ujumla. Asasi inayouguza wazee majumbani haihitaji simulizi ya mzee yeyote. Inaweza kuonyesha idadi ya wazee walio kitandani katika mtaa, ziara ngapi kwa wiki kila mmoja anahitaji, muda ambao mhudumu hutumia kupanda na kushuka vilima vya Kimara kwa miguu, bei ya nepi za watu wazima na dawa za vidonda, na kinachotokea ziara zikikoma. Inaweza kuambatisha barua ya mganga mfawidhi wa kituo cha afya kuthibitisha hali bila kumtaja mgonjwa. Panapohitajika mfano wa mtu, namba ya jalada inatosha, na kitabu kinachounganisha namba na majina hukaa mahali pamoja chini ya ufunguo, kikisubiri mkaguzi. Maandishi kama hayo hayamlizi msomaji. Yanamwezesha kuhesabu, na diwani anayegawa fedha za wote anatakiwa ahesabu.

Toni ya ombi nayo inategemea jibu la swali jingine: msaada huu ni hisani au ni haki? Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini ibara ya 7 imekwishatamka kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Ni haki iliyokiriwa bila kupewa mlango wa kuidai. Hata hivyo kukiriwa kwake kunabadilisha namna ya kusimama. Asasi inayokwenda ofisi za manispaa na andiko mkononi inapendekeza namna ya kutimiza wajibu ambao dola yenyewe imeukubali, na haina sababu ya kuingia kwa kujikunja.

Tofauti kati ya hisani na haki huonekana vizuri zikilinganishwa njia mbili ambazo Tanzania imezijaribu. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanza mwaka 2012, jamii yenyewe hushiriki kuzitaja kaya zilizo duni kuliko nyingine, kisha hali ya kila kaya hukaguliwa. Mkutano unazuia upendeleo, kwa kuwa majirani wanajua nani anashinda na njaa. Lakini ili uingie kwenye orodha lazima umaskini wako utamkwe mbele ya watu utakaokutana nao kisimani kesho. Zanzibar, kuanzia Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi ilipoanza. Hakuna anayethibitisha ufukara. Umri unatosha, na tajiri na maskini hupanga foleni moja. Gharama ni kubwa, kwa kuwa fedha nyingine humfikia asiyeihitaji. Mwanafalsafa Avishai Margalit, katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya jamii yenye staha, alipima jamii kwa kuuliza kama taasisi zake huwadhalilisha watu. Kwa kipimo hicho sehemu ya gharama ya Zanzibar ni bei ya kutomdhalilisha mtu. Asasi ya Kimara haiwezi kulipa pensheni, lakini inaweza kuchagua vigezo visivyomlazimu mtu kujivua nguo: umri, ulemavu unaoonekana, uyatima uliothibitishwa na afisa, badala ya mashindano ya nani amelia zaidi.

Uhusiano wa fedha za serikali na taasisi za dini una historia nzito nchini, na hauwezi kuachwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927, wakati wa Waingereza, iliipa ruzuku shule ya misheni iliyotimiza masharti ya mtaala, walimu na ukaguzi. Vyuo vya Kurani, vilivyokuwepo pwani karne nyingi kabla ya misheni, havikuwa na mtaala huo wala havikuutafuta, vikabaki nje. Masharti hayakutaja dini yoyote, lakini matokeo yake yalikuwa pengo la elimu ambalo Waislamu wa Tanzania wanalizungumza hadi leo, na ambalo utaifishaji wa shule wa mwaka 1969 ulikusudiwa kulipunguza. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Hospitali za makanisa zimetumika kama hospitali teule za wilaya kwa makubaliano na halmashauri, zikiwatibu wagonjwa wa dini zote. Jumuiya za Kiislamu zimeuliza mara kwa mara kama utaratibu huo unapatana na dola isiyo na dini. Swali hilo ni halali. Mgonjwa wa Kiislamu aliyetibiwa katika hospitali ya misheni kwa fedha ya umma amepata haki yake. Jirani yake aliyeanzisha zahanati ya msikiti na kukosa mkataba kwa kuwa hakujua kuandika andiko amenyimwa yake.

Udhalimu wa aina hiyo unaweza kurudiwa mtaani kila mwaka wa fedha. Kamati ya msikiti inayolisha yatima bila usajili wa asasi, au kikundi cha viziwi kisicho na mkalimani, huanguka kwenye karatasi kabla kazi yao haijatazamwa. Usawa wa fomu bila msaada wa kuijaza unampa aliye nacho. Afisa maendeleo ya jamii anayekaa na kikundi na kukiandikisha anafanya kazi ya haki hapo, na asasi kongwe ya kata inayowafundisha wageni hali kadhalika, hata kama mwakani watashindania fungu moja.

Kupata ruzuku hakumalizi swali. Hufuata hafla ya kukabidhi: meza yenye kitambaa, mfano wa hundi, wahudumiwa wamepangwa mstari, kiongozi anamkabidhi mlemavu baiskeli mbele ya kamera na mlemavu anaambiwa ashukuru. Fedha iliyotolewa ni ya wakazi, akiwemo mlemavu huyo anayechangia ushuru kila anaponunua sokoni. Shukrani inaelekezwa kwa asiyeitoa. Wananchi wanayo haki ya kujua kwamba fedha ilifika, na haki hiyo hutimizwa kwa tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, lenye jina la asasi, kiasi, tarehe na kazi, na kwa taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa katika mkutano wa mtaa, ambako yeyote anaweza kuuliza na asasi ikalazimika kujibu.

Huja pia wakati ambapo fomu yenyewe inadai majina na picha za watoto, au mtoaji anadai hafla kuwa sharti. Asasi ina nafasi ya kujadiliana: kupendekeza namba badala ya majina, kumkaribisha mkaguzi badala ya mpiga picha, kutaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi katika barua ya majibu. Mara nyingi afisa hana nia mbaya, alirithi fomu. Majadiliano yakishindikana, kukataa fedha ni halali, ingawa si bure. Uamuzi huo haufai kufanywa na mwenyekiti peke yake kwa ajili ya usafi wa dhamiri yake, kwa kuwa watakaolala njaa si yeye. Njia ya haki ni wahudumiwa wenyewe, wale walio na umri na akili timamu, kuelezwa kinachodaiwa na kinachotolewa, kisha kuamua kama wanaafiki. Baadhi yao watakubali kuonekana, na huo ni uhuru wao. Wengine watasema waachwe. Kwa watoto, na kwa wasioweza kusema, bodi huamua kwa niaba yao, na sababu zake huandikwa kwenye muhtasari wa kikao ambao afisa ustawi wa jamii anaweza kuusoma.